Kwa Kiungo Anayeanza: Tuliyoachiwa na Clarence Seedorf

Vijana wanaoanza kucheza nafasi ya kiungo huniuliza mara kwa mara ni mchezaji gani wamfuatilie, na kwa miaka yote niliyowafundisha viungo jibu langu limebaki kuwa Clarence Seedorf wa Uholanzi. Wapo viungo waliopiga pasi nzuri kuliko zake, na wapo waliofunga mabao mengi zaidi. Ninamtaja yeye kwa sababu alicheza soka ya ushindani kwa zaidi ya miaka 20, na karibu kila alikohamia alitakiwa kufanya kazi tofauti na ile aliyoizoea, naye akakubali kujifunza upya. Kukosa uwezo huo wa kubadilika ndiko kunakowakosesha wengi namba, hata wale wenye vipaji vikubwa.

Alizaliwa Paramaribo, Suriname, tarehe 1 Aprili 1976, akakulia Almere, mji ulio karibu na Amsterdam, na akapitia katika timu za vijana za Ajax. Mwaka 1992 aliingia kikosi cha kwanza akiwa na umri wa miaka 16 na siku 242, na rekodi hiyo ya mchezaji mdogo kuliko wote klabuni hapo ilidumu hadi Ryan Gravenberch alipoivunja mwaka 2018. Kijana akisikia habari hiyo huvutiwa na umri, lakini mimi ningependa atazame Seedorf alizungukwa na nani. Katika fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya ya mwaka 1995 mjini Vienna, ambayo Ajax iliifunga AC Milan bao 1-0 kwa mguu wa Patrick Kluivert, Seedorf mwenye umri wa miaka 19 alianza upande wa kulia wa kiungo, Edgar Davids akawa kushoto, na katikati yao alisimama Frank Rijkaard, aliyekuwa na miaka 32 na aliyekwisha kutwaa kombe hilohilo mara mbili akiwa na Milan. Ukipata namba mapema, mtafute mkongwe wa timu yako, ukae naye baada ya mazoezi, umuulize kwa nini alisimama pale aliposimama wakati mpira ulipokuwa upande wa pili. Maswali ya namna hiyo humjenga kiungo kuliko kutazama vipande vya mabao kwenye simu.

Baada ya msimu mmoja Sampdoria alikwenda Real Madrid, akawa bingwa wa Hispania mwaka 1997 chini ya Fabio Capello, na mwaka uliofuata akatwaa tena kombe la Ulaya kwa kuifunga Juventus ya Davids 1-0, tena mjini Amsterdam. Kisha akahamia Inter Milan, na huko mambo hayakumwendea vizuri: mara nyingi alipangwa pembeni, na hakuondoka na kombe lolote. Mwaka 2002, akiwa na miaka 26, alitolewa kwa kubadilishana na beki Francesco Coco wa AC Milan, akavuka kwenda kwa mahasimu wa mji uleule. Wanaodhani kwamba misimu miwili au mitatu isiyo na mafanikio humaliza mchezaji wajue kwamba sehemu kubwa ya sifa zake ilikuwa bado haijaandikwa. Alikaa AC Milan misimu 10 na kucheza mechi 432.

Huko ndiko ninakowataka mkae kwa muda mrefu mnapojifunza. Chini ya Carlo Ancelotti, Andrea Pirlo alicheza nyuma akigawa mipira, Gennaro Gattuso akawa kulia kwake, na Seedorf kushoto, akiziba pengo pale beki wa kushoto anapopanda na kuusogeza mpira mbele kwa miguu yake. Ilikuwa kazi ya namba nane, yaani kiungo anayekaba na kushambulia kwa pamoja, nzito na isiyosifiwa sana. Msimu wa 2006–07 Ancelotti alimweka Massimo Ambrosini mahali hapo na kumsogeza Seedorf juu, sambamba na Kaká, nyuma ya mshambuliaji mmoja. Alikuwa anatimiza miaka 31, umri ambao viungo wengi hurudishwa nyuma, na yeye akapelekwa mbele.

Itafuteni nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya, mkondo wa pili, dhidi ya Manchester United, iliyochezwa San Siro tarehe 2 Mei 2007 chini ya mvua kubwa. Bao la kwanza lilitokana na yeye kuushusha mpira kwa kichwa, Kaká akaupiga kwa mguu wa kushoto. La pili alilifunga mwenyewe: alipata mpira karibu na eneo la hatari akiwa amebanwa, akamzidi Darren Fletcher, kisha akapiga shuti la chini. Milan ilishinda 3-0, na baadaye ikatwaa kombe mjini Athens kwa kuifunga Liverpool 2-1. Mkirudia kutazama mechi zake, wekeni macho kwenye nyonga na mikono yake badala ya mpira. Kabla pasi haijamfikia huwa ameshaangalia nyuma ya bega. Mpinzani akimkaribia, huweka mwili kati yake na mpira, akautumia mguu ulio mbali na mpinzani. Zoezi hilo mnaweza kulifanya wawili wawili katika eneo dogo, mmoja akisukuma kwa bega na mwingine akilinda, na lifanyeni kwa miguu yote miwili.

Alikosa penalti dhidi ya Ufaransa katika robo fainali ya Euro 1996, na katika fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya ya 2003 pale Old Trafford mkwaju wake ulipanguliwa na Gianluigi Buffon, ingawa Milan ilishinda. Hivyo ndivyo alivyokuwa mchezaji wa kwanza kutwaa kombe hilo na klabu tatu tofauti, katika usiku ambao yeye mwenyewe alikosa. Kwa timu ya taifa alicheza mechi 87, lakini hakuchaguliwa kwenda Kombe la Dunia la 2006. Mwaka mmoja baadaye alikuwa Athens.

Alimalizia Botafogo ya Brazil, akatwaa ubingwa wa jimbo la Rio de Janeiro mwaka 2013, na Januari 2014 akaacha kucheza ili kuifundisha Milan. Alipata pointi 35 katika mechi 19 za ligi, na bado aliondolewa kabla ya msimu mpya. Kamerun aliyoifundisha pamoja na Kluivert ilitolewa na Nigeria 3-2 katika hatua ya 16 bora ya AFCON 2019 nchini Misri. Kwa maoni yangu, kuhama moja kwa moja kutoka uwanjani hadi kwenye benchi la klabu kubwa kulimnyima nafasi ya kukosea mahali penye utulivu. Kwa hiyo yeyote kati yenu anayefikiria kuwa kocha baadaye na aombe sasa hivi, akiwa bado anacheza, kusaidia kufundisha timu ya watoto wa chini ya miaka 13, hata kama ni Jumamosi pekee.