Alama 95 si asilimia 95

SWALI: Mimi ni mpiga picha wa harusi hapa Tanga. Huwa nawaandikia wenzangu maelezo mafupi ya kamera zilizotumika, wajue wanunue ipi. Juzi niliandika: "Katika kipimo huru, sensa ya Nikon D800 ilionyesha kiwango cha asilimia 95 cha ubora." Mwenzangu mmoja akanipinga, akasema kipimo hakiwezi kuwa huru, aliye huru ni mpimaji. Nani kati yetu amesema sawa? Na je, ni sensa au kihisi?

JIBU: Ndugu yangu, mwenzako ana hoja, ila amemkamata mwizi wa kuku na kumwacha mwizi wa ng'ombe apite zake.

Nianze na huyo wa kuku. Huru tumelitoa kwenye Kiarabu, hurr, mtu asiyemilikiwa na mwingine, kwa hiyo katika asili yake neno hili lilimhusu mtu. Lakini Kiswahili kilikwishavuka hapo zamani. Tuna tume huru, tuna soko huru, tuna mashairi huru, na hakuna anayeshtuka. "Upimaji huru" ni fasaha kabisa: ni kazi ya kupima iliyofanywa na asiye muuzaji. "Kipimo huru" hakinipendezi sana, kwa sababu kipimo ni ama chombo cha kupimia ama jibu linalopatikana, na uhuru haukai vizuri kwa chochote kati ya hivyo viwili. Hata hivyo nimeshakisoma mara nyingi mno kiasi kwamba sina tena nguvu za kupigana nacho. Andika "maabara huru imepima", mtaelewana.

Sensa na kihisi, yaani majina ya kile kipande ndani ya kamera kinachopokea mwanga na kuufanya picha, nako nitapita haraka. Katika Tanzania sensa ni kuhesabu watu, ile ya 2022 bado tunaikumbuka, na msomaji asiye mpiga picha akikutana na "sensa ya kamera" atadhani serikali inahesabu kamera zetu. Kihisi kimetokana na kuhisi, kinaeleweka kwa kukisikia tu, na ndicho ninachokitumia. Najua mafundi na wapiga picha mtaani wanasema sensa na wataendelea kusema. Mkiwa wenyewe kwa wenyewe, semeni. Ukiandikia watu wote, andika kihisi.

Sasa njoo kwa mwizi wa ng'ombe: "kiwango cha asilimia 95 cha ubora". Hapa kuna makosa mawili yaliyokumbatiana, na yote mawili nimeyapiga vita miaka nenda miaka rudi.

La kwanza ni asilimia. Neno lenyewe limebeba mia tumboni. Ukisema asilimia, umeahidi kwamba kuna kitu kizima, kimegawanywa mafungu 100, nawe unataja mafungu mangapi. Ndiyo maana asilimia haikai peke yake; inadai "ya". Asilimia 95 ya nini? Ya ubora? Ubora wote wa kihisi uko wapi, nani amewahi kuuona mzima, na nani aliukata vipande 100?

Ile 95 ya D800 ilitoka kwenye DxOMark, upimaji ulioanzishwa mwaka 2008 na kampuni ya Kifaransa ya DxO Labs. Wao hawakuandika asilimia. Walichukua faili ghafi, yaani picha kama ilivyotoka kwenye kihisi kabla ya kamera kuisafisha na kuipaka rangi, wakapima mambo matatu. La kwanza ni kina cha rangi, yaani wingi wa rangi zinazoweza kutofautishwa, linalohesabiwa kwa biti: D800 ilipata 25.3. La pili ni upana wa mwanga, yaani umbali kati ya weupe unaokaribia kuungua na weusi ambao bado una kitu cha kuonekana ndani yake, linalohesabiwa kwa stopu, hatua za mwanga ambazo kila moja ni maradufu ya iliyotangulia: D800 ilipata 14.4. La tatu ni ISO, yaani namba ya wepesi wa kamera kwa mwanga, ile ya juu kabisa ambayo picha bado inavumilika kwa masharti waliyoyaweka wenyewe, na D800 ilipata ISO 2853. Biti hazina mia. Stopu hazina mia. ISO ndiyo kabisa. Ukichanganya vitu vitatu visivyo na kikomo cha mia, asilimia itatoka wapi?

Kinachotoka ni alama, tena alama kwenye ngazi iliyo wazi juu. Ushahidi ulikuja mwaka 2017. Nikon D850 ilipopata 100, waliosoma alama kama asilimia wangepaswa kuamini kwamba utengenezaji wa vihisi umefika mwisho na mafundi wa Japani waende nyumbani kupumzika. Kisha Hasselblad X1D-50c ikapata 102. Nakuuliza wewe na kila mwandishi anayeandika kama wewe: kihisi chenye ubora wa asilimia 102 kikoje? Mwanafunzi akileta karatasi ya hesabu yenye jibu la namna hiyo, mwalimu humrudishia aanze upya.

Mtu ataniambia kwamba nagombania neno dogo, msomaji ameshaelewa kuwa 95 ni nyingi. Hapana, hajaelewa, na hasara inaingia mfukoni mwake. Chukua Canon 5D Mark III, iliyotoka mwaka huohuo wa 2012 na D800. DxOMark waliipa alama 81. Ukiandika "asilimia 81" na "asilimia 95", msomaji wako anaona kamera mbili nzuri, moja imeipita nyingine kidogo, basi anachagua ya bei nafuu. Lakini kwenye ngazi ile alama 15 ni sawa na stopu nzima, na stopu ni maradufu ya mwanga. Tofauti ya alama 14 inakaribia mara mbili, na "asilimia" imeifanya ionekane kama pengo la robo kilo kwenye gunia.

Tena ukiifungua hiyo alama utakuta mambo mengine ambayo mtu wa harusi anayahitaji kuliko alama yenyewe. Kwenye mwanga hafifu kamera hizi mbili zinafuatana kwa karibu: ISO 2853 kwa Nikon, 2293 kwa Canon, kama theluthi ya stopu, tofauti ambayo jicho linaitafuta kwa shida. Kwenye upana wa mwanga ndipo zinapoachana: 14.4 dhidi ya 11.7. Stopu 2.7 ni zaidi ya mara sita. Bibi harusi wa Tanga aliyesimama juani saa saba mchana na gauni jeupe, bwana harusi na suti nyeusi kivulini pembeni yake: ukipunguza mwanga ili gauni lisiungue, halafu nyumbani ukaunyanyua uso wa bwana harusi kutoka gizani, D800 inakupa uso, 5D Mark III inakupa uso na chenga, yaani punjepunje zinazochafua picha, na mistari. Ukumbini usiku, wala hutaona kitu cha kukutoa machozi. Haya ndiyo wenzako walitaka kuyajua, na "asilimia 95 ya ubora" imeyafunika yote.

Sisemi asilimia haina kazi kwa mpiga picha. Kadi ya kijivu mnayopimia mwanga huakisi asilimia 18 ya mwanga unaoiangukia: kuna mwanga wote, kuna sehemu inayorudi, hesabu imekamilika. Vilevile fotoni 100, yaani chembe za mwanga, zikianguka kwenye kihisi na 50 kati yake zikazaa elektroni, ufanisi wake ni asilimia 50, nami nitakuwa wa kwanza kukupigia makofi ukiandika hivyo, maana kitu kizima kipo, kinahesabika.

Kosa la pili ni kiwango. Hili ndilo linaloninyima raha kila ninapofungua gazeti asubuhi. Neno zuri, la kwetu, kutoka kitenzi cha kale kuwanga, kuhesabu, limegeuzwa kiraka cha kila sentensi. "Kiwango cha joto kimepanda": joto limepanda. "Kiwango cha bei kimeshuka": bei imeshuka. "Kiwango cha uelewa wa wananchi kiko chini": wananchi hawaelewi. Ondoa kiwango uone kama sentensi itaanguka. Mara nyingi itasimama vizuri zaidi, imepungua uzito. Wewe umeandika "kiwango cha asilimia 95 cha ubora", vitu vitatu vimepangana foleni, na ulichohitaji ni kimoja: alama 95.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba kiwango kina kazi yake halali, na kwenye habari hii ya kamera ndipo penye mfano bora. Kiwango ni kipimo walichokubaliana watu, anachopaswa kukifikia kila mmoja; ndiyo maana tuna Shirika la Viwango Tanzania. Namba za ISO kwenye kamera yako zinafuata kiwango cha kimataifa kiitwacho ISO 12232. Hicho ni kiwango kwelikweli. Lakini kiwango hicho kinaruhusu njia zaidi ya moja ya kutaja wepesi wa kamera, ikiwamo moja inayomwachia mtengenezaji aseme mwenyewe mwanga gani unatosha kwa picha nzuri. Matokeo yake, kamera nyingi zilizoandikwa ISO 100, zikipimwa kwa kuangalia mwanga unaojaza kihisi mpaka pomoni, huonekana ziko chini ya 100. DxOMark walipoweka namba ya mtengenezaji na namba waliyopima wenyewe kwenye mchoro mmoja, wanunuzi wengi ndipo walipoliona pengo. Ukitumia kiwango kwa kila namba inayopita, siku ukitaka kueleza jambo hili huna neno.

Na hapo narudi kwa mwenzako, maana hoja yake ina uzito kuliko yeye mwenyewe alivyodhani. Anayeandika "huru" akaishia hapo hajamwambia msomaji kitu. DxO Labs ilikuwa ikiuza programu za kusafishia picha, na ilikuwa ikiuza vifaa vya maabara vya kupimia kamera ambavyo watengenezaji nao hununua. Hilo halifanyi namba zake kuwa za uongo. Linafanya jina la mpimaji liwe la lazima, ili msomaji aamue mwenyewe. Vivyo hivyo na namna ya kupima. DxOMark hulinganisha kamera zote kana kwamba picha zimepunguzwa kuwa za megapikseli 8, na ndiyo maana D850, ambayo faili zake ni za biti 14, zinazotarajiwa kubeba kama stopu 14 tu, iliweza kuandikiwa upana wa stopu 14.8. Bill Claff wa Marekani, anayepima vihisi kwa hesabu zake mwenyewe, amejiwekea sharti kali zaidi kuhusu chenga zinazovumilika kwenye weusi, na kamera hiyohiyo kwake ina stopu kati ya 11 na 12. Hakuna aliyekosea. Kila mmoja alianza kuhesabu giza kutoka ngazi tofauti. Mtu akichukua namba ya huyu akailinganisha na namba ya yule, zote zikiwa "katika kipimo huru", atanunua kamera mbovu kwa ushauri wenye nia njema.

Kwa hiyo sentensi yako ningeiandika hivi: "Mwaka 2012 DxOMark walikipa kihisi cha Nikon D800 alama 95, upana wake wa mwanga ni stopu 14.4, na kwenye mwanga hafifu kinavumilika mpaka ISO 2853." Ikiwa nafasi haitoshi, futa mwaka, ikibidi futa hata ile ISO. Jina la mpimaji liache, na stopu ziache.