Muulize Fundi: Betri mpya, jenereta bado inagonga tu

*Shikamoo fundi. Mwaka jana mimi na mume wangu tulinunua motohomu, lile gari lenye nyumba ndani, ya 1993 iliyojengwa juu ya chasisi ya Ford E-350. Ina jenereta ya Onan ya kilowati 4. Siku ya kuinunua iliwaka. Sasa ukibonyeza swichi inasema "ka!" mara moja na kunyamaza. Siku nyingine inazunguka kizembe kama mtu aliyeamshwa usiku wa manane. Tumebadilisha betri mara mbili, na multimita inasoma volti 12.7. Hata nikibonyeza ile swichi ya kuazima nguvu kwenye betri ya injini ya gari, hali ni ileile. Fundi mmoja wa huku anasema stata imekufa, anataka dola 650. Tumlipe?*
— Mama wa watoto watatu, Columbus, Ohio

Marahaba, mwanangu. Hizo dola zishike kwanza. Stata, yaani mota inayozungusha injini iwake, kufa si ajabu, lakini barua yako yenyewe inanipeleka kwingine. Umeweka betri mpya, umeazima nguvu kwenye betri ya pili, na mlio haukubadilika. Betri zote hizo haziwezi kuugua ugonjwa mmoja. Zinachoshirikiana ni njia ya umeme kwenda na kurudi. Ningeanza na ya kurudi, yaani athi.

Zile volti 12.7 ulizipima jenereta ikiwa imekaa kimya. Katika ukimya huo hata waya uliobaki uzi mmoja utakuonyesha 12.7. Mimi nilianza kazi hii kwa kuwasha jenereta za kumbi za harusi Temeke, basi niseme kwa mfano wa ukumbi: mlango ulioegeshwa hauna shida mtu mmoja akipita. Ngoja watu mia watake kutoka kwa pamoja. Tuseme stata inavuta ampea 100, na kwenye bolti moja pana kutu yenye ukinzani wa omu 0.03. Kutu hiyo peke yake imekula volti 3. Stata inabaki na volti 9 na kitu, nayo inasema "ka!".

Kwa hiyo pima wakati mzigo unapita. Multimita iweke kwenye volti za DC. Ncha nyeusi igusishe nguzo ya risasi ya betri upande wa hasi. Nguzo yenyewe, si kile kishikio kilichoibana. Ncha nyekundu igusishe chuma kitupu cha mwili wa jenereta, ukikwangua rangi kidogo. Usiigusishe bati la boksi lake, litakudanganya. Kisha mume wako abonyeze swichi ya kuwashia huku wewe ukitazama namba, mikono ikiwa mbali na feni. Ikiwa chini ya nusu volti, athi ni nzima. Ikiruka hadi 2 au 3, mwizi umemwona. Kumkamata, sogeza ile ncha nyekundu kidogo kidogo kurudi kwenye betri: chasisi karibu na jenereta, chasisi karibu na betri, kichwa cha waya, kishikio. Kila kituo, swichi ibonyezwe tena. Namba itakaposhuka ghafla, kiungo ulichotoka kukiruka ndicho kibovu.

Miaka michache iliyopita nililala chini ya gari kama lenu uani kwa jirani, mwezi wa Februari, maji ya theluji yananidondokea shingoni. Nilisoma 2.9. Waya wa athi ulikuwa mnene kama kidole changu, hauna hata mchubuko, na ndiyo maana kila aliyetangulia aliutazama akapita. Uliishia kwenye bolti iliyopakwa lami nyeusi ya kuzuia kutu. Nilipoweka spana, bolti ilizunguka bila kugoma hata kidogo, na chini ya kichwa chake palikuwa na unga wa rangi ya tumbaku. Chumvi ya barabarani hiyo, mnaifahamu. Nilikwangua kwa brashi ya waya mpaka chuma kikang'aa, nikaweka washa yenye meno, nikakaza, halafu ndipo nikapaka vaselini kwa juu, hii hii ya watoto. Ukiipaka kabla ya kukaza umejitengenezea kazi nyingine.

Mkitaka kulimaliza kabisa, vuteni waya mpya kutoka mwili wa jenereta moja kwa moja hadi hasi ya betri, usiwe mwembamba kuliko ule wa chanya. Chasisi ya miaka thelathini isiachiwe kazi ya kubeba umeme wa stata. Kabla ya kushika spana, chomoeni umeme wa nje, kisha fungueni hasi ya betri kwanza.

Athi ikiwa nzima, pimeni vivyo hivyo upande wa chanya, kutoka nguzo ya betri hadi kwenye stata. Na kama volti 10 na zaidi zinafika kwenye stata, nayo haigeuki, basi yule fundi alisema kweli. Mlipeni.

Jambo la rangi za waya nalo, maana linaweza kuua. Sisi tuliojifunza kwa rangi za zamani za Kiingereza tunajua nyekundu ni laivu, waya wenye umeme, na nyeusi ni nyutro, waya wa kurudisha. Marekani nyeusi ndiyo laivu, nyeupe nyutro, kijani athi. Tena ndani ya motohomu, waya mweupe upande wa volti 12 mara nyingi ni hasi, na mweupe mwenzake hapo jirani ni nyutro wa volti 120. Msiwaoze kwa sababu wamefanana.

*Jenereta yangu ya 1987 inanguruma vizuri, ila soketi zote ndani zimekufa. Breka zote za umeme ziko juu.*
— Kijana, Fort Worth, Texas

Fungua kijumba cha pembeni unamohifadhi ule waya mnene wa kuchomeka kambini. Tazama ukutani kama kuna soketi kubwa, ndiyo ya jenereta, uchomeke humo. Magari mengi ya zama hizo hayana boksi la kuhama lenyewe kutoka umeme wa nje kwenda wa jenereta. Nimewahi kulipwa kwa kazi hiyo ya sekunde tano, nikarudisha nusu kwa aibu. Kama lako lina boksi hilo, lipe nusu dakika, hukawia makusudi. Halafu tafuta breka iliyo kwenye mwili wa jenereta yenyewe. Wengi hawajui kama ipo.

*Fundi umeme anataka kuniwekea soketi ya motohomu nyumbani. Anasema ni sawa na ya mashine ya kukaushia nguo. Kweli?*
— Msomaji, Minneapolis

Si kweli, na hapo watu wameunguza vyombo. Soketi ya motohomu ya ampea 30 yenye matundu matatu ni ya volti 120. Ya kukaushia nguo ni 240. Mwambie hivyo kabla hajafungua boksi la zana. Akimaliza, pima matundu kabla ya kuchomeka, yeye akiwa bado amesimama hapo na pesa yake ikiwa bado mfukoni mwako.