Kabla hujaweka kidole gumba kwenye PV ya shamba

Nina sekretaria ndogo hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo (RDC), ya kuwachapia watu karatasi zao: kompyuta mbili na mashine ya fotokopi inayokwamisha karatasi kila mvua ikinyesha. Mwaka 2016 kijana mmoja nadhifu aliniletea PV (procès-verbal, yaani ripoti rasmi ya uchunguzi) iliyoandikwa kwa mkono, kurasa mbili, niipige kwa kompyuta. Ilihusu kilima kimoja upande wa Kabare. Ukurasa wa pili ulisema kilima hicho ni «terrain vacant, sans occupant», yaani ardhi tupu, isiyo na mkaaji. Chini yake kulikuwa na alama tatu za vidole gumba. Niliipiga, nikalipwa, nikasahau.

Miezi mingi ikapita. Siku moja akaingia mzee mmoja Mutwa, wa wale Batwa, watu wa asili wa misitu yetu, na mjukuu wake wa kike, wanataka fotokopi ya karatasi waliyopewa kwa shefu wao. Niliitambua kwa kosa langu mwenyewe: nilikuwa nimeandika «ocupant» kwa c moja. Alama ya kidole ya katikati ilikuwa ya yule mzee. Waliomjia walimwambia anatia alama ili ahesabiwe kwa mgao wa chumvi na sabuni. Nyumba yake, migomba yake na kaburi la mke wake, vyote vilikuwa ndani ya hicho kilichoitwa «vacant».

Tangu hapo nimewasindikiza kwa avoka (wakili) na mahakamani mara ambazo siwezi kuzihesabu. Mimi si mwanasheria. Ninayoandika hapa niliyaona nikiwa kwenye benchi la korido.

La kwanza, ambalo watu wengi wanalijua wakiwa wamechelewa: kesi ya ardhi haianzi kwa hakimu. Inaanza siku ile watu wanapokuja kilimani na kamba ya kupimia na daftari. Sheria ya ardhi ya 1973 inataka uchunguzi kabla ya serikali kumpa mtu ardhi ya kijijini. Anayechunguza anatakiwa kuhakiki mipaka papo hapo, kuandika majina ya watu aliowakuta wakikaa au wakifanya kazi pale, kueleza misitu, mito na njia zilizopo, kusikiliza malalamiko ya mdomo na kupokea yale ya maandishi. Ya mdomo pia, nasisitiza. Hakuna aliyemwambia mzee wangu kwamba angeweza kusimama tu akasema «mimi ninakaa hapa», na kwamba maneno hayo yalitakiwa kuandikwa.

Kwa hiyo wakija, msibaki ndani. Tokeni wote, hata akina mama walioko shambani waitwe. Dai uandikwe jina lako. Omba usomewe PV kwa lugha unayoielewa, Kiswahili au Mashi, lugha ya Washi wa hapa, kabla ya kidole kugusa wino. Wakikataa kusoma, usitie alama. Jioni hiyohiyo andika barua, hata ya mistari mitano, ipeleke mwenyewe na urudi na nakala yenye muhuri wa mapokezi na tarehe. Bila muhuri, kwa ofisi ile barua haijawahi kuwepo.

Neno lenyewe, «vacant», ni la zamani kuliko sisi sote. Tarehe 1 Julai 1885, utawala wa Leopold wa pili, mfalme wa Ubelgiji, ulitangaza kwamba ardhi zote zilizo «vacantes» ni za serikali. Sheria ya 1973 nayo ikasema udongo wote ni mali ya serikali, na kwamba haki za wanaoishi juu yake kwa desturi zitapangwa na ordonansi, yaani amri rasmi, ya Rais. Miaka 43 baadaye, nilipokuwa napiga PV ile, ordonansi hiyo ilikuwa haijatoka.

Halafu kuna tarehe. Cheti cha usajili, yaani karatasi ya serikali inayompa mtu haki juu ya shamba, kikitimiza miaka miwili, kukivunja ni shida kubwa, hata kama ulidanganywa. Mara nyingi unabaki kudai fidia tu. Ukisikia fununu kwamba shamba limepata cheti, usingoje mavuno wala arusi ipite. Nenda uulize kimetolewa lini.

Ushahidi nao si sawa kwa kila mtu. Sisi Washi tunaweza kuleta mashahidi wa kalinzi, yaani mapatano ya desturi ya kupewa ardhi, waliomwona babu akimpelekea mwami (mtawala wa jadi) ng'ombe. Batwa wengi hawana hiyo. Kwao kulikuwa msituni, na mbuga ya Kahuzi-Biega iliyoanzishwa 1970 na kupanuliwa 1975 iliwatoa huko. Kwa mzee wangu, avoka aliomba vitu ambavyo sikuvitarajia: makaburi, majina ya vijito, sehemu za mizinga ya nyuki, miti ya dawa. Yule mjukuu alizunguka kilima siku mbili na simu yake, akapiga picha kila mahali babu aliponyoosha fimbo. Fanyeni hivyo wazee wakiwa bado na miguu. Na nakala mziweke kwa watu watatu, nyumba tofauti. Kwa hali ya mji wetu tangu waasi wa M23 walipouteka Februari 2025, kabati la ofisi usilitegemee.

Leo kuna silaha ambazo 2016 hatukuwa nazo. Sheria namba 22/030 ya tarehe 15 Julai 2022 inalinda haki za Batwa na wenzao, ikiwemo haki juu ya ardhi wanayoikalia na kuitumia. Na mwaka 2024 ulitangazwa uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu, shauri namba 588/15, kwamba nchi yetu iliwavunjia haki Batwa wa Kahuzi-Biega, na kwamba inapaswa kuwarudishia ardhi yao, kuwalipa fidia na kuwaomba radhi hadharani. Mwambie avoka wako autaje. Lakini usiuze mbuzi wako wote ukidhani kesho utarudishiwa kilima. Shauri hilo lilifikishwa kule 2015, na huo ni uamuzi tu, utekelezaji una safari yake.

Kesi ya mzee bado inaahirishwa. Mimi, PV ya shamba ikiletwa, namuuliza aliyeileta: hii migomba ya kwenye croquis (mchoro wa shamba) ilipandwa na nani? Wawili walichukua karatasi zao wakavuka barabara, kwa jirani ambaye haulizi maswali.