Maswali ya Wasomaji: Kuwahi nafasi ya hema Mikumi

SWALI: Tuko sita, mahema matatu, tunatoka Dar Ijumaa kwenda Mikumi. Kambi ya umma haiwekewi nafasi mapema. Tufanyeje tusikose sehemu nzuri?
Msomaji, Kimara

JIBU: Zinazowekewa nafasi ni kambi maalumu, ya umma ni ya anayewahi. Kibali kinakuruhusu kulala kambini, hakikupi kiwanja, hivyo kinachoshika nafasi ni hema lililosimama. Ukiacha mkeka au kiti tu, mwenzako atakisogeza, na ugomvi huanzia hapo. Simamisheni yote matatu kwanza, ndipo mkatembee.

Ondokeni saa kumi alfajiri, kabla ya foleni. Ni kama kilomita 300. Mtafika waliolala jana wakifungasha.

Mkifika, msishushe mizigo kabla ya kuzunguka kambi kwa miguu kuchagua sehemu. Epukeni mkondo wa maji, mti wenye matawi makavu na, zaidi ya yote, njia ya wanyama: kinyesi cha tembo na majani yaliyolala huionyesha. Mambo (vigingi vya hema) pigilieni kwa mshazari, vichwa vikielekea nje. Zikisimama wima hung'oka upepo ukivuma. Chakula kibaki garini, vioo juu. Nyani akinusa ndizi, hupasua hema. Tafadhali, hata ganda lisibaki ndani.