Pombe ya kubeba Malindi: kwa nini naunga mkono saa za kuuza zipunguzwe

Ndugu aliyeanzisha mjadala huu ameuliza kama kutakuwa na faida yoyote kaunti yetu ya Kilifi ikipunguza saa za kuuza pombe ya kubeba, yaani ile inayonunuliwa dukani na kwenda kunywewa kwingine, hapa Malindi, au kama wenye maduka wataumizwa bure huku wanywaji wakihamia kwenye chang'aa, pombe kali inayopikwa kienyeji. Waliomjibu wamegawanyika: wapo wanaotaka pombe yote ipigwe marufuku kwa kuwa ni haramu, na wapo wanaosema mtu mzima aachwe na pesa zake. Mimi nimefanya kazi ya uuguzi kwa miaka mingi katika chumba cha majeruhi, na tangu nistaafu nimekuwa miongoni mwa wakazi wa mtaa wa Barani wanaofuatilia maombi ya leseni za pombe mtaani kwetu, kwa hiyo nitajibu kwa niliyoyaona na kwa yale yaliyotokea katika nchi zilizolijaribu jambo hili kabla yetu.

Naunga mkono saa zipunguzwe, tena kwa maduka ya kubeba kwanza, kabla ya kugusa baa, hoteli au mangwe, vile vilabu vya mnazi. Sababu yangu ni kwamba anayekunywa mbele ya watu ana wa kumzuia, na anayekwenda na chupa nyumbani saa nne za usiku hana.

Majeruhi wa ulevi hawafanani. Wanaotoka mangweni na kwenye baa hufika mapema, na hufika na watu: mmoja ameanguka na pikipiki, mwingine amepasuliwa nyusi kwa chupa, na wenzao wanaowaleta hueleza kilichotokea, wakati mwingine kwa kelele na kwa kukatizana. Kundi la pili huanza kuingia usiku ukishakuwa mkubwa, na wengine hufika alfajiri. Ni mke aliyevimba taya ambaye anasema ameteleza bafuni, au mama mtu mzima aliyesukumwa na mwanawe kwa ajili ya pesa za mboga, au mtoto aliyemwagikiwa na uji wa moto wakati wazazi wakigombana jikoni. Hawa huletwa na jirani, na mara nyingine huletwa na mtoto mkubwa wa nyumba ambaye kesho yake ana mtihani. Nilipouliza mlevi alikunywa wapi, jibu lilikuwa nyumbani, na nilipouliza pombe ilitoka wapi, nikatajiwa duka la karibu, au kijana wa bodaboda aliyetumwa chupa ya pili ilipokwisha ile ya kwanza. Chupa hiyo ya pili ndiyo ninayotaka sheria iizuie. Anayeinunua ameshalewa, kwa hiyo hawezi kujizuia mwenyewe, na muuzaji aliye nyuma ya nondo za dirisha hamwoni yeye, anamwona mtu wa pikipiki mwenye akili timamu.

Tuangalie pia kilichomo ndani ya chupa. Sheria ya Kenya ya kudhibiti vileo ya mwaka 2010, ile ambayo watu wengi bado wanaiita sheria ya Mututho kwa jina la mbunge aliyeipeleka bungeni, ilipiga marufuku vipakiti na ikaweka mililita 250 kuwa kipimo kidogo kabisa cha kuuzia. Tanzania nayo iliondoa viroba vya plastiki tarehe 1 Machi 2017. Zilikuwa hatua nzuri, kwa sababu kipakiti kilikuwa kikinunuliwa kwa fedha ya mtoto na kufichwa ndani ya daftari. Lakini chupa ya mililita 250 ya kinywaji kikali cha asilimia 40 ina mililita 100 za alkoholi halisi, yaani sawa na chupa nne za bia ya nusu lita yenye asilimia 5. Mtu aliyekaa baa kunywa bia nne huchukua saa kadhaa, hula nyama, huzungumza, huenda msalani, na pengine hukatishwa na simu ya nyumbani. Mwenye chupa ndogo mfukoni anaweza kuimaliza kati ya stendi na mlango wa nyumba yake.

Kwa mnazi, yaani tembo la mnazi, naomba nisikilizwe vizuri, kwa sababu kila msako unapotangazwa wagema ndio huwa wa kwanza kumwagiwa vyombo. Sisemi kwamba mnazi hauleti madhara. Nimeshawashona walevi wa mnazi pia, na mangwe inayouzia wanafunzi inastahili kufungwa. Hata hivyo mnazi una mipaka yake ya asili. Hugemwa asubuhi na jioni, huchacha haraka, na ukilala siku moja au mbili unakaribia kuwa siki, kwa hiyo hakuna anayeweza kuuweka rafu kwa rafu akiusubiri mteja wa usiku wa manane. Mangwe ina mama mwenye mangwe, ina wazee, na kijana anayevuka mpaka huambiwa. Kwa Wagiriama kadzama, yaani chombo cha mnazi, ina kazi yake katika posa na matanga, na watu wameilinda desturi hiyo kwa vizazi. Serikali inayomwaga mnazi wa mgema wa Ganda mchana, ikayaacha madirisha ya pombe kali yakiwa wazi usiku kucha, imeanza mahali pasipofaa.

Mfano ulionishawishi zaidi unatoka Fitzroy Crossing, mji mdogo wa Waaborijini (wenyeji wa asili) kaskazini mwa jimbo la Australia Magharibi. Mwaka 2007, baada ya mazishi kufuatana mfululizo, mengi yakiwa ya vijana waliojiua au waliokufa kwa mambo ya ulevi, wanawake wa pale wakiongozwa na June Oscar na Emily Carter waliiomba mamlaka ya leseni izuie pombe ya kubeba. Kuanzia Oktoba mwaka huo, pombe pekee iliyoruhusiwa kuchukuliwa ilikuwa bia hafifu isiyozidi asilimia 2.7. Aliyetaka kali zaidi aliweza kuinywa palepale baani. Zuio liliwekwa kwa miezi sita ya majaribio, likaendelezwa mwaka 2008, na tathmini zilizofuata zilionyesha kwamba ghasia za majumbani na majeruhi walevi walipungua. Ni kweli kwamba baadhi ya wanywaji walisafiri kwenda miji mingine kununua, na wenye biashara walilalamika. Lakini madai yalitoka kwa wanawake waliokuwa wakiwauguza na kuwazika watu wao, na hilo kwangu ni kubwa, kwa sababu zuio lililoletwa kutoka juu watu hulikwepa, na zuio walilolidai wenyewe huwa tayari kulilinda.

Katika jimbo jirani la Northern Territory kuna funzo jingine. Sheria iliyokuwa ikizuia pombe katika makazi mengi ya Waaborijini ilikoma Julai 2022, na katika miezi iliyofuata vurugu za mji wa Alice Springs ziliongezeka kiasi kwamba waziri mkuu wa Australia, Anthony Albanese, alikwenda huko mwenyewe Januari 2023. Siku hiyo ilitangazwa kwamba Jumatatu na Jumanne pombe ya kubeba haitauzwa kabisa, na siku nyingine itauzwa kuanzia saa tisa alasiri hadi saa moja jioni, mara moja tu kwa mtu kwa siku. Wana pia daftari la watu waliozuiwa kununua, na muuzaji hukagua kitambulisho cha kila mteja. Daftari la namna hiyo mimi singelitaka hapa. Lingempa askari sababu mpya ya kumsimamisha kijana wa mtaa wa Kisumu Ndogo na kumwomba chochote, na lingegeuza ugonjwa wa mtu kuwa habari ya mtaa. Saa za kufunga hazimtaji mtu. Tena ni rahisi kuzisimamia: kila jirani anayepita huona kama dirisha liko wazi au limefungwa, wala hahitaji kifaa chochote.

Sasa nije kwenye chang'aa, kwa sababu hiyo ndiyo hoja iliyorudiwa zaidi katika uzi huu. Wapo watakaohama, na mimi sitalificha hilo. Tumeona vifo vya pombe yenye methanoli, kemikali ya sumu, nchini mwaka 2014, na tukaviona tena Kirinyaga mwezi Februari 2024, kwa hiyo hofu ya wanajukwaa ina msingi. Lakini mtumiaji wa kawaida wa dirisha la usiku hapa mjini si mtu aliyekata tamaa anayetafuta chochote cha kumlewesha. Ni fundi, dereva, kibarua aliyelipwa Gongoni au Marereni, aliyekwisha kunywa kiasi, na anaendelea kwa sababu duka liko hatua chache na liko wazi. Likiwa limefungwa, wengi wa watu wa namna hii hulala. Afrika Kusini ilipozuia uuzaji wa pombe mwaka 2020 wakati wa korona, ikaruhusu mwezi Juni, kisha ikazuia tena Julai, wodi za majeruhi zilijaa na kupungua kwa kufuata maagizo hayo. Kuzuia kabisa kulizaa magendo huko, na ndiyo maana mimi nazungumzia saa wala sizungumzii kufuta. Kwetu Kenya mambo yalikwenda kinyume: mabaa yalifungwa kuanzia Machi hadi mwisho wa Septemba 2020, na kipindi hicho ndicho kilichoikomaza desturi ya kununua na kunywea nyumbani. Mabaa yalipofunguliwa, desturi ilibaki.

Kuhusu wenye maduka, nitaeleza jambo lililotokea mtaani kwetu. Baada ya ugomvi mmoja ulioishia kwa kifo, wakazi tulikaa na wenye maduka mawili ya pombe, tukawaomba wafunge saa mbili za usiku, nao wakakubali kwa hiari yao. Walilitimiza neno lao, na kwa miezi kadhaa usiku wetu ulikuwa tofauti. Kisha likafunguliwa duka la tatu karibu na barabara ya lami, mwenyewe hakuwa na ahadi na mtu, akawa anauza mpaka usiku wa manane. Wale wawili walivumilia kwa muda, wakaona wateja wao wote wamehama, wakarudi saa zao za zamani. Sikuweza kuwalaumu. Mfanyabiashara mwema anayefunga mapema peke yake anamkabidhi faida yake yote mwenzake asiyejali, na kitu pekee kinachoweza kumlinda ni saa ileile ya kufunga kwa wote. Wenye maduka wanaopinga hapa jukwaani wanapaswa kulitafakari hilo: mteja wa bia ya Ijumaa atakuja saa kumi na mbili jioni badala ya saa nne usiku, na pesa yake itakuwa ileile.

Bei nayo ina nguvu. Skotlandi iliweka bei ya chini ya lazima kwa pombe tarehe 1 Mei 2018, na utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulikadiria kwamba vifo vinavyosababishwa na pombe moja kwa moja vilipungua kwa asilimia 13 hivi. Bei hiyo iligusa zaidi pombe rahisi za madukani, kwa kuwa za baani zilikuwa ghali tayari. Lakini kaunti yetu haiwezi kuweka bei peke yake. Kwa wanaohofia biashara ya utalii, sioni watalii wanaingiaje katika jambo hili, maana hoteli na mikahawa ya ufukweni huuza kwa glasi mezani.

Kundi moja limesahauliwa na pande zote mbili, nalo ni wale ambao miili yao imekwisha kuzoea pombe kila siku. Mtu wa aina hiyo akikatishwa ghafla hutetemeka, hutokwa jasho, huona visivyokuwepo, anaweza kupata degedege, na asipotibiwa anaweza kufa. Saa zikipunguzwa, zahanati ziwe na dawa na wahudumu wa kuwapokea kuanzia juma la kwanza, na familia zielezwe mapema kwamba kutetemeka huko ni ugonjwa wa kupelekwa hospitali.

Mamlaka ya kufanya haya yapo. Katiba ya 2010 imeipa kaunti utoaji wa leseni za pombe, na sheria ya kitaifa ya mwaka huo iliweka saa za baa kuwa kumi na moja jioni hadi tano usiku siku za kazi, na kuanzia saa nane mchana mwisho wa wiki. Sera ya taifa iliyozinduliwa Julai 2025 ilipendekeza umri wa kununua upandishwe kutoka miaka 18 hadi 21, na pombe isiuzwe mtandaoni wala kupelekwa majumbani. Tusiisubiri itekelezwe kutoka Nairobi. Mimi ningependa Malindi pombe ya kubeba ikome saa moja jioni, pikipiki zisitumwe kuibeba, na leseni mpya zisitolewe katika mitaa iliyokwisha kujaa.

Na wakati bunge la kaunti likijadili, pingamizi za leseni zinafanya kazi leo. Duka lililotaka kufunguliwa karibu na shule na madrasa ya mtaani kwetu tulilipinga kwa kifungu kinachotaka mita 300 kutoka mahali wanaposomea watoto. Mwombaji alipima kwa kufuata barabara inayozunguka, sisi tukapima kutoka lango hadi lango, na tukadai madrasa ihesabiwe pia kwa kuwa watoto hushinda pale. Kamati ya leseni ilimkatalia mahali hapo. Atakayeona tangazo la maombi kwenye ofisi ya chifu asisubiri siku ya kikao: aandike barua mapema, ataje umbali aliopima na matukio ya mtaani kwa tarehe zake, akusanye saini za majirani Waislamu na Wakristo pamoja, wake kwa waume, na anapoiwasilisha adai nakala yake ipigwe muhuri wa kupokelewa.