Palio ya Siena: mama usimwingize katikati ya uwanja, mpeleke kwenye majaribio

Mkuu, umeuliza mambo mawili. Kwanza, tarehe 16 Agosti, siku ya Palio, yaani mbio za farasi za mji wa Siena, usimame bure na mama katikati ya uwanja wa Piazza del Campo au ujikamue ulipie jukwaa. Pili, kama kuna maana ya kusafiri kutoka Dar hadi Italia kwa mbio zinazokwisha ndani ya dakika moja na nusu. Naishi Firenze, saa moja na ushee kwa basi kutoka Siena, na mbio hizi nimeziangalia nikiwa katikati na nikiwa nje ya uwanja.

Mama usimwingize katikati siku yenyewe. Na safari ina maana kubwa, ila mfike tarehe 13 au 14, msije siku ya mbio mkaondoka usiku huohuo kama wafanyavyo watalii wengi.

Nianze na hapo katikati. Kuingia ni bure kweli. Lakini barabara zinazoingia uwanjani hufungwa moja baada ya nyingine mchana kutwa, na ya mwisho ni Via Giovanni Duprè. Ukishafungiwa, umefungiwa: hutoki mpaka farasi wamalize. Hakuna choo, hakuna kiti, na jua la Agosti la Toscana linapiga juu ya matofali. Kwanza yanapita maandamano ya mavazi ya kale, ngoma na warusha bendera, mtaa mmoja wa mji baada ya mwingine, polepole mno. Mazuri sana, lakini ni marefu. Mbio zinatakiwa kuanza karibu saa moja jioni, na hapo ndipo kusubiri kwenyewe kunapoanza.

Farasi ni kumi, kila mmoja akiukimbilia mtaa wake. Tisa wanajipanga kati ya kamba mbili, kwa mpangilio uliofungwa ndani ya bahasha na kusomwa papo hapo. Wakati unasomwa, uwanja wote ule unanyamaza, unasikia kwato. Yule wa kumi anabaki nyuma, na mbio haziwezi kuanza mpaka mpanda wake aamue kuingia. Anatazama adui wa mtaa wake amekaaje, rafiki amekaaje, anangoja. Wapanda farasi wanaongea hapohapo kwenye kamba, wanaahidiana pesa, na kila mtu uwanjani anajua. Nimewahi kusimama zaidi ya saa nzima nikiangalia farasi wakizunguka, wakitoka, wakipangwa upya. Giza likiingia kabla hawajaanza, mbio husogezwa hadi kesho yake. Mvua ikiharibu udongo wa njia ya farasi, bendera ya kijani hutundikwa kwenye Palazzo Pubblico, jengo la halmashauri hapo uwanjani, na mnarudi nyumbani. Sasa mama wa miaka sitini na kitu, mwenye magoti uliyoyasema, utamsimamisha hapo?

Jukwaa na roshani zinauzwa na wenye maduka na nyumba zinazozunguka uwanja, na bei ni mamia ya euro kwa kichwa kimoja. Ukiwa nazo, sawa, ila lipa kwa mtu mwenye duka linaloonekana, si kwa tangazo la mtandaoni.

Ningekuwa wewe, pesa hiyo ningeilipia malazi ya siku za ziada. Siena ina mitaa 17, wenyewe wanaiita kontrada, na kila mmoja una kanisa lake, makumbusho yake na rangi zake. Inayokimbia ni kumi tu kwa sababu njia ya mbio ni nyembamba: saba ambayo mwaka uliotangulia haikukimbia Palio ya Agosti, na mitatu ya kura. Tarehe 13 asubuhi farasi hugawiwa kwa kura. Mtaa haumchagui farasi wake, unapewa. Simama pale usikie watu wakipiga kelele wakipata farasi mzuri, na uone wengine wakiondoka kimya na farasi wao. Kuanzia jioni hiyo kuna majaribio sita, jioni na asubuhi, na ya asubuhi watu si wengi. Hapo ndipo pa mama. Anaingia, anaona farasi walewale, wapanda walewale bila tandiko, watoto wa kontrada wakiimbiana mafumbo majukwaani, kisha anatoka akanywe kahawa.

Halafu mpeleke mtaa wa Giraffa. Bendera zenye twiga zimetundikwa barabara nzima, nyeupe na nyekundu, na kwa Mtanzania kumwona twiga akishangiliwa na Waitaliano ni furaha ya pekee. Hata mtaa wa Torre, jina lenye maana ya mnara, nembo yake ni tembo aliyebeba mnara mgongoni. Usiku wa tarehe 15 kila mtaa unaokimbia unakula chakula pamoja barabarani, meza ndefu, mpanda farasi wao akiwa kati yao. Mingine huuzia wageni nafasi. Ulizia mapema kwenye mtaa wenyewe.

Tarehe 16 alasiri kila farasi huingizwa katika kanisa la mtaa wake. Padri humbariki na kumwambia aende na arudi mshindi. Pale usipige picha kwa taa wala usiongee, farasi akishtuka ni hatari kwa kila mtu. Na skafu ya mtaa mmoja usiivae ukiwa mtaa wa adui wake. Haya mambo si maonyesho ya watalii, watu hawa wamezaliwa ndani yake.

Saa ya mbio kaeni kwenye baa yenye televisheni, pamoja na wenyeji. Ni raundi tatu, na kwenye kona ya San Martino wapanda huanguka hasa. Anayeshinda ni farasi, hata akifika peke yake: Agosti 2019 mtaa wa Selva ulishinda na Remorex akiwa hana mtu mgongoni. Kama mama hawezi kuona farasi akianguka, mwambie ukweli huo kabla.

Mkisikia mshindi, tokeni haraka mwende Duomo, kanisa kuu la mji. Watu wa mtaa ulioshinda wanafika mbio na bendera ya hariri waliyoipigania, wanaingia nayo kanisani wakiimba. Utaona wanaume wazima wanalia hadharani, na wengine wameweka mdomoni chuchu za mpira za watoto wachanga, kwa sababu ushindi kwao ni kuzaliwa upya. Hapo mama anaweza kusimama karibu kabisa, na hakuna anayelipishwa.

Vyumba vya Siena kwa tarehe hizo huisha mapema na bei hupanda. Mkikosa, laleni Firenze au mji wa jirani wa Poggibonsi, ila usiku wa tarehe 16 angalia ratiba ya basi la mwisho kabla hujatoka asubuhi.