Fedha kwenye paneli chakavu za sola

Mkuu umeuliza kama ni kweli paneli za sola zilizokufa zina fedha ndani (yale madini, silver, sio pesa) na kama unaweza kuitoa mwenyewe nyumbani. Fedha ipo kweli, ile mistari myembamba unayoiona juu ya seli (vile vipande vinavyotoa umeme) ndo yenyewe, ila haifiki hata asilimia 0.1 ya uzito wa paneli, uzito mwingi ni kioo, kama robo tatu hivi, halafu fremu ya alumini na shaba kidogo kwenye nyaya.

Kazi ngumu ni ile gundi ya plastiki iliyobana seli na kioo, haibanduki kirahisi. Ufaransa kampuni ya ROSI kule La Mure wanaichoma kwenye tanuru maalum bila oksijeni, kioo na seli zinaachana, ndo wanatoa fedha kwa kemikali na silikoni safi, malighafi ya seli, nayo wanaipata. Sasa wewe usichome uani tafadhali, plastiki ya nyuma mara nyingi ina florini, moshi wake sumu, na lehemu ya kuungia seli mara nyingi ina madini ya risasi ambayo ni sumu, watoto wapo hapo. Fungua fremu uuze alumini na nyaya kwa watu wa skrepa, kioo kiache kizima usikivunje.

Na kabla ya yote ipime juani na mita ya kupimia volti (multimeter), nyingi zinatupwa bado zinatoa umeme.